Soko Lifuate Watu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wachimbaji na wenyeji wa Keshero, Goma)



Wapo wakubwa wasemao kwamba Goma imeharibika kwa sababu watu wamesongamana, na ya kuwa dawa yake ni kuwatawanya. Mimi nakataa. Yafaa kwanza tupime neno hili kwa miji mingine, kisha turudi hapa kwetu.

Tazameni Lubumbashi, mji ambao Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, wakauita Élisabethville. Baina ya mji wa Wazungu na mtaa wa weusi waliacha uwanja mtupu wa mamia ya mita. Walisema ni kwa ajili ya afya, mbu wasivuke. Lakini mbu haulizwi pasi! Aliyezuiwa ni mtu: usiku ulipoingia, mweusi hakuruhusiwa kuonekana mjini. Basi mji wa maduka makubwa ulilala mapema, na ngoma na mazungumzo yakabaki ng'ambo, Kamalondo.

Dar es Salaam ilikuwa vivyo hivyo. Mwingereza aliacha Mnazi Mmoja wazi, ili Kariakoo ya Waafrika ikae mbali na maduka ya Uhindini. Leo mfanyabiashara wa Kongo au Zambia atakaye nguo za jumla huenda wapi? Huenda Kariakoo, mtaa ule ule uliodharauliwa, kwa maana watu wake walikaa chumbani na kuuza barazani.

Sasa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto wake katikati ya mji, ukameza maduka mpaka ziwani. Watu walirudi mawe yangali na joto, wakajenga nyumba za mabao juu yake. Walirudi kwa sababu Birere, pale mpakani na Rwanda, mwenye mtaji mdogo hupata mnunuzi hatua kumi toka mlangoni pake.

Lakini sisifu msongamano wa bure. Mwaka 1994 wakimbizi waliojaa katika nchi hii bila maji safi walikufa kwa kipindupindu, maelfu kwa maelfu. Na huko Birere moto umeteketeza nyumba za mabao si mara moja. Ujirani hauui, unaoua ni ujirani usio na bomba wala njia ya kupitisha maji ya kuzimia.

Na Keshero je? Parseli zimejazwa moja baada ya nyingine upande wa njia ya Sake. Baba huamka gizani, hulipa pikipiki mpaka mjini, jioni hulipa tena, na nauli ile ingenunua unga. Hapa wengi wetu twalala tu.

Ila tunayo Kituku! Mashua za Minova huleta vyakula pwani pale, na akina mama wamefanya soko bila kungoja ramani ya mtu. Vita vilipofunga njia ya Sake mwaka 2024, mji uliitazama mashua. Kisha tarehe 3 Oktoba 2024 mashua moja kutoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wakiiona kwa macho. Wengi walikufa. Na maji ya ziwa lile lile ndiyo yanayochotwa kwa bidoni na kunywewa majumbani.

Basi tusidai kuhamishwa, wala tusiombe barabara yenye maua kama ya katikati ya mji. Tunadai gati la Kituku, mtu wa kuhesabu abiria, mabomba, ghala, na mahali pa mafundi karibu na soko. Watasema fedha haipo. Ninyi mliochimba Rubaya mwajua ni magunia mangapi ya koltani yaliyopita katika njia hii, mbele ya milango yetu. Waulizeni ushuru wake uliacha nini Keshero.

Kila avenyu ichague watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, wahesabu nyumba, mabomba, na hatua za kwenda kuchota maji. Hesabu iletwe hapa Jumapili, tuipeleke komini sisi wenyewe, kwa miguu, tukiwa wengi.