Nifute au Nisifute? Swali la Uthibitisho katika Kiswahili cha Kompyuta

Ikombe, kijiji cha Wakisi katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, kinajulikana kwa vyungu vinavyofinyangwa na wanawake na kupelekwa kwa mitumbwi hadi soko la Matema. Chungu kibichi kikipinda, udongo wake hulowekwa ukafinyangwa upya. Kilichokwisha kuchomwa, kikivunjika, hubaki vigae. Kwa hiyo swali la msaidizi, "Nikivunje?", lina uzito mmoja kabla ya moto na mwingine baada yake. Kwa Kiswahili, jibu lake la kawaida ni kitenzi: "Kivunje" au "Kiache".

Kompyuta nayo huuliza swali la aina hiyo. Mfumo wa DOS ulifuta faili moja bila kuuliza, ukauliza tu pale mtumiaji alipoamuru mafaili yote ya saraka yafutwe. Kompyuta ya Lisa ya kampuni ya Apple, mwaka 1983, ilileta picha ya pipa la taka, na Windows ya mwaka 1995 ikafuata njia hiyo. Pipa hilo ndilo udongo mbichi: kilichotupwa humo huweza kurudishwa. Hata hivyo, Kiswahili kimetumia neno "futa" kwa hatua zote mbili, ilhali ubaoni kilichofutwa hakirudi. "Tupa" lingeifaa hatua ya kwanza.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilithibitika kwamba programu nzima ya ofisi yaweza kusema Kiswahili. Msamiati ndio uliojadiliwa zaidi. Sarufi ya swali na jibu haikupewa uzito uleule. Nayo ndiyo yenye hatari.

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Katibu wa kikundi cha wafinyanzi anakutana na swali: "Je, hutaki faili hili libaki?" Chini yake pana vitufe viwili, "Ndiyo" na "Hapana". Katika Kiswahili, "ndiyo" huafiki kauli iliyoulizwa pamoja na ukanushi wake: "Hujala?" "Ndiyo, sijala." Katibu anayetaka faili libaki atabonyeza "Hapana", akimaanisha "Hapana, nataka libaki". Programu iliyoundwa kwa mantiki ya Kiingereza husoma "Hapana" kuwa ni kukataa faili lisibaki. Hesabu za msimu mzima zinapotea, na aliyezipoteza amejibu kwa Kiswahili sahihi.

Uundaji kama "Una uhakika unataka kufuta?" hauna kosa hilo, ila una harufu ya tafsiri: unahoji hali ya moyo wa mtu badala ya jambo lenyewe. Lugha ina dhamira tegemezi kwa kazi hiyohiyo. "Nifute faili hili?" ni swali fupi, la mtumishi kwa bwana wake, na vitufe vyake vyajileta vyenyewe: "Futa" na "Usifute".

Kuhusu "Ghairi", neno hilo limechaguliwa vizuri kuliko linavyosifiwa, kwani maana yake ni kubadili nia, na nia ni ya mtu, si ya mashine. Tatizo huzuka pale kitendo chenyewe kinapokuwa ni kughairi: "Nighairi malipo?" Hapo kitufe cha "Ghairi" hakiwezi kuwa njia ya kurudi nyuma. Kiandikwe "Yaendelee".