Taarifa za Mtumiaji Zinapogoma Kuhifadhiwa



Wahazini wetu wa Itilima na Meatu walijaza taarifa zao kwenye programu ya kusimamia miradi, wakabonyeza "Hifadhi", ukurasa ukarudi vilevile. Tukalaumu mtandao. Kumbe sivyo.

Tulipopandisha ukurasa hadi juu tuliona maandishi mekundu: anwani ya barua pepe imekwisha kutumika. Katibu na mhazini walikuwa wameandika anwani moja, ile ya ofisi, na programu haikubali, maana anwani ndiyo inayowatofautisha watu. Wengine waliacha wazi kisanduku chenye nyota, ambacho lazima kijazwe. Na wako waliokwenda kunywa chai; waliporudi, muda wao wa kuingia ulikuwa umekwisha.

Kasoro ni ndogo, lakini tazameni matokeo. Mhazini asiye na akaunti aliazima ya katibu. Malipo ya saruji ya kisima yakasomeka kwamba katibu ndiye aliyeyaingiza, na huyohuyo akayaidhinisha. Haikupotea hata shilingi moja, ila mkaguzi angetuamini kwa lipi?

Tunawaomba kila mtu awe na anwani yake, na neno lake la siri asimpe yeyote, hata padri. Ikigoma, msibonyeze mara kumi. Nakilini maandishi mekundu kwenye karatasi, kisha mtupigie simu.

Malipo yale tumeyaandikia maelezo yenye majina ya walioyaingiza kweli. Nakala ziko mezani, wafadhili wazisome.