Dua ya Msamaha, Umoja na Kuwakumbuka Waliotolewa Makwao
(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Mara nyingi tunainua mikono na kuitikia "Amin" imamu anapowaombea ndugu zetu waliofukuzwa makwao. Leo napenda tuizingatie dua hiyo, ili itoke moyoni na isiwe ya ulimi peke yake.

Mwezi wa Agosti 2017, Waislamu wa Rohingya wa Jimbo la Rakhine, nchini Myanmar, walianza kuyakimbia makaazi yao kwa wingi. Katika miezi michache zaidi ya watu 700,000 waliingia Bangladesh, baadhi yao kwa mashua kupitia Mto Naf, wakapata hifadhi katika makambi ya wilaya ya Cox's Bazar. Bangladesh si nchi tajiri, lakini iliwapokea.

Sisi watu wa visiwa hatuna haja ya kuhadithiwa maana ya kukimbia kwa chombo. Mwezi wa Januari 2001, kufuatia machafuko ya kisiasa, wenzetu wapatao 2,000 walivuka bahari kutoka Pemba hadi Shimoni, Kenya. Nasi tumewahi kuwa wageni wa watu.

Ndugu zangu, Muhajirina walipohama Makka mwaka 622 walipokewa Madina na Ansari, wakagawana nao nyumba na riziki. Kur'ani, katika Suratul-Hashr, inawasifu Ansari kwa kuwatanguliza wageni wao ilhali wao wenyewe ni wahitaji. Lakini Ansari hao walikuwa makabila mawili, Aus na Khazraj, yaliyopigana kwa miaka mingi kabla ya Uislamu kuwapatanisha. Lau wangeendelea na visasi vyao, wangewapokea wageni kwa mikono ipi?

Hapa ndipo penye mazingatio. Wanavyuoni wametufunza kuwa dhambi baina ya mja na mja mwenzake haitoshi kuiombea toba msikitini. Sharti aliyedhulumiwa arejeshewe haki yake na aombwe radhi. Basi mtumishi aliyemzungusha mwananchi kwa sababu ya chama chake, na jirani asiyemjulia hali jirani yake tangu uchaguzi uliopita, waanze hapo. Tarehe 31 Julai 2010 tulipiga kura ya maoni kukubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kura huunda Serikali; nyoyo huunganishwa kwa kusameheana.

Na tuombe:

Ewe Mola wetu, tughufirie madhambi yetu ya siri na ya dhahiri. Tupe ujasiri wa kuwaendea tuliowadhulumu kabla ya siku isiyofaa mali wala cheo. Ziunganishe nyoyo zetu. Wahifadhi waliotolewa makwao, wakusanye na jamaa zao waliopoteana nao, uwarejeshe kwa amani na heshima. Walipe kheri wote waliowapokea. Amin.

Wabillahi tawfiq.