Ngazi Juu ya Mlango

Aendaye nchi za mbali huona mengi, na mengine humchekesha hata mahali patakatifu. Sisi tuliozuru Yerusalemu, katika Kanisa la Kaburi Takatifu, tulionyeshwa ngazi kabla ya kuonyeshwa kaburi. Ni ngazi fupi ya mbao, imeegemezwa juu ya mlango, chini ya dirisha, kana kwamba fundi ameshuka kunywa chai. Tukacheka, tukauliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?"

Fundi alikufa zamani. Mchoro wa mwaka 1728 waionyesha ngazi papo hapo. Kanisa hilo lina wenyeji wa namna sita: Wayunani, Wakatoliki, Waarmenia, Wakopti, Wasiria na Waethiopia. Waligombana sana, hata mwaka 1852 Sultani wa Uturuki akaamuru kila kitu kikae kama kilivyo. Hata leo kitu cha shirika hakiondolewi pasipo wenyewe kupatana. Na ufunguo wa mlango? Unatunzwa na jamaa za Waislamu.

Kicheko kilitutoka tuliposikia habari ya kiti. Mwaka 2002, siku ya jua kali, mtawa wa Kikopti alisogeza kiti chake kivulini huko darini. Waethiopia wakaona ameingia kwao. Wakapigana, na watu 11 wakapelekwa hospitali. Ni katika nyumba ya Yule aliyeomba, usiku wa kutolewa kwake, kwamba wafuasi wake wasitengane!

Ndugu, tusiwacheke. Sisi Waprotestanti hatuna hata pembe moja katika jengo lile, lakini ngazi tunazo. Iko benchi ya mbele ambayo mgeni akiikalia hutazamwa vibaya. Wako wazee wawili wa kanisa wasiosalimiana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Sasa hata watoto wao hawasalimiani, wala hawajui mpaka ulikuwa wapi. Ukiuliza sababu, wajibiwa, "Ndivyo tulivyokuta."

Hata hivyo, liko neno la kututia moyo. Kijumba kilichojengwa juu ya kaburi lenyewe kilikuwa kimechakaa, kikishikiliwa na vyuma vilivyowekwa na Waingereza mwaka 1947. Kwa miaka mingi wenyeji hawakupatana juu ya kukitengeneza. Hatimaye, mwaka 2016, Wayunani, Wakatoliki na Waarmenia wakakubaliana, na kazi ikamalizika Machi 2017. Waliona ya kwamba kikianguka, kitawaangukia wote.

Basi, mpendwa, je, wangojea mpaka nyumba ianguke? Kabla ya Jumapili, mwendee yule msiyesemezana. Usimwulize ni nani aliyeanza. Piga hodi, umwulize habari za watoto, na akikukaribisha kiti, ukae.

Ee Bwana, tupe moyo wa kutangulia kusalimu. Amina.