Kabichi, Maziwa na Dawa: Ukweli Kuhusu Vidonda vya Tumbo

(Hotuba iliyotayarishwa kusomwa katika mabaraza ya wananchi na vikao vya afya mashinani)



Ni vigumu kupata kijiji kisicho na mtu anayelalamikia "alsa". Anahisi uchungu unaowaka juu ya kitovu, chini kidogo ya kifua, mara nyingi tumbo likiwa tupu au usiku wa manane. Wengine wakila kidogo hupata nafuu. Wengine wakila ndipo maumivu huzidi. Ushauri nao hutoka kila upande. Jirani anasema maji ya kabichi, shemeji anasema maziwa, na mwuza dawa sokoni ana unga wake wa mizizi. Kikao cha leo kinapambanua mambo matatu: chakula kinaweza kusaidia wapi, kinashindwa wapi, na ni wakati gani kungoja nyumbani ni hatari.

Vidonda hutoka wapi?

Kwa miaka mingi, hata madaktari waliamini kwamba vidonda huletwa na mawazo mengi na pilipili. Mwaka wa 1982, madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walifaulu kukuza katika maabara bakteria wanaoishi kwenye ukuta wa tumbo. Bakteria hao wanaitwa Helicobacter pylori. Wengi walipopinga, Marshall aliwanywa mwenyewe mwaka wa 1984, na siku chache baadaye alikuwa anatapika na ukuta wa tumbo lake umevimba. Mwaka wa 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Bakteria hao huambukizwa hasa utotoni, ndani ya familia, kupitia mate, matapishi, kinyesi na maji machafu. Wengi walio nao hawapati vidonda kamwe. Lakini kwa baadhi, bakteria hudhoofisha ute unaokinga tumbo, na asidi ya kusaga chakula inaanza kula ukuta wenyewe.

Chanzo cha pili kikubwa ni dawa za maumivu kama ibuprofen, diclofenac na aspirini. Chukua mfano wa mwendeshaji boda boda mwenye maumivu ya mgongo. Kila asubuhi ananunua vidonge viwili dukani na kuvimeza kwa chai ya rangi. Baada ya miezi michache tumbo linamwaka. Anaacha pilipili, anakunywa maji ya kabichi kila jioni, lakini vidonge vya mgongo haachi, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ndivyo vinavyomuumiza. Mtu wa aina hii anaweza kuvuja damu tumboni bila kujua, hadi siku anapoanguka akiwa kazini.

Aliye na maumivu ya mara kwa mara aulize mhudumu wa afya dawa iliyo salama kwa tumbo lake. Aliyeandikiwa aspirini na daktari kwa ajili ya moyo asiiache mwenyewe. Amweleze daktari kuhusu tumbo kwanza.

Chakula kinasaidia wapi?

Hakuna chakula kinachoua bakteria hawa kikawamaliza, na hakuna kinachoshinda dawa ya maumivu inayomezwa kila siku. Hata hivyo, lishe bora huupa mwili nguvu ya kuziba kidonda, na nyingi ya vyakula hivyo viko shambani na sokoni petu: viazi vitamu, nduma, ndizi, malenge, maharagwe yaliyoiva vizuri, ndengu, samaki, mayai, sukuma wiki, mchicha, paipai na maembe. Uji wa wimbi ni mwepesi kwa wengi. Anayeona kwamba uji mchachu unamchoma, anywe usiochacha.

Kabichi ina historia yake. Mwaka wa 1949, daktari wa Marekani, Garnett Cheney, aliripoti kwamba wagonjwa 13 waliokunywa maji ya kabichi mbichi walipona upesi. Lakini wagonjwa 13 ni wachache mno kuwa ushahidi wa kuacha dawa. Kabichi ni mboga nzuri na iliwe kama mboga. Anayejaa gesi akiila, apunguze.

Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha huchochea tumbo kutoa asidi zaidi. Glasi moja na chakula haina neno. Kunywa maziwa usiku kucha kama dawa hakufai. Mala au mtindi unaweza kupunguza kuharisha kunakoletwa na antibiotiki.

Pilipili, kahawa, chai kali, soda na vyakula vya kukaanga havianzishi kidonda, ila vinaweza kuzidisha maumivu. Kila mtu aangalie kinachomchoma yeye, akiache. Hakuna haja ya kuishi kwa viazi vya kuchemsha peke yake. Sigara na pombe ni jambo tofauti: sigara huchelewesha kidonda kupona, na pombe huumiza ukuta wa tumbo. Anayetaka kufunga, iwe ni Ramadhani au maombi, aonane na daktari kabla.

Tiba kamili

Kipimo cha kinyesi au cha pumzi huonyesha kama bakteria wapo. Kipimo cha damu kinaweza kuendelea kuonyesha alama hata baada ya bakteria kuisha. Mgonjwa ataje dawa zote alizotumia majuzi, kwa maana omeprazole na antibiotiki zinaweza kuwaficha bakteria wakati wa kipimo.

Wakipatikana, mgonjwa hupewa antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 14. Hapa ndipo wengi hukosea. Siku ya tano maumivu yanaisha, na vidonge vilivyobaki vinawekwa kabatini au kupewa jirani. Bakteria waliobaki hurudi wakiwa sugu, na tiba ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza. Malizeni dawa zote. Kipimo cha kuthibitisha kupona hufanywa angalau wiki nne baada ya kumaliza.

Dalili zisizongoja

Nendeni hospitalini mara moja, hata kama ni usiku, mkiona mojawapo ya haya:

- Choo cheusi, chenye kunata kama lami.
- Kutapika damu, au matapishi yanayofanana na masimbi ya kahawa.
- Maumivu makali ya ghafla na tumbo kuwa gumu kama ubao.
- Kizunguzungu, kuzirai au moyo kwenda mbio pamoja na maumivu ya tumbo.

Anayekonda bila sababu, anayepata shida kumeza, au aliyeishiwa damu pia asikawie kumwona daktari. Si kila "alsa" ni alsa. Saratani ya tumbo huweza kuanza kwa dalili zilezile.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwenu anaweza kuwaelekeza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mkienda, bebeni pakiti za dawa zote mnazotumia, zikiwemo za dukani na za mitishamba. Nyumbani, oshweni mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula, na maji ya kunywa yachemshwe.

Leo jioni, kila mmoja akifika nyumbani amwulize mzazi au mzee wake maswali mawili: ni dawa gani ya maumivu anayomeza, na choo chake kina rangi gani. Ni maswali ya aibu kidogo, lakini yanaweza kumwahi mtu kabla hajaishiwa damu.