Kabla ya Kununua Tairi, Pima Rimu

Haya ni maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mjini Maralal, katika kikao na wamiliki, madereva, makanga na mafundi wa Land Rover na Land Cruiser za zamani zinazobeba watu na mizigo kwenda Baragoi, Wamba na kwingineko.

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu matairi, na najua kuna waliojiuliza mtu wa kalamu na kamera anajua nini kuhusu jambo hilo. Nilijifunza kwa kuumia. Baba yangu ana Land Rover 109, ile ndefu. Miaka kadhaa iliyopita matairi yake yaliisha, nami nikamwambia, "Mzee, niachie mimi." Nikanunua matairi manne mapana, 265/75R16. Yalikuwa yanapendeza, na muuzaji aliniambia inchi 16 ni inchi 16. Yaliingia kweli. Gari likasimama kama dume, watu wakalipiga picha.

Wiki ya tatu tulikuwa tunatoka Baragoi kuja Maralal. Nyuma tulikuwa na jirani yetu na mtoto wake mwenye homa kali, akipelekwa hospitali. Tulipopita Marti, kwenye kona yenye mawe, tairi la mbele likaishiwa hewa ghafla. Tyubu ilikuwa imekunjamana ndani na kujisugua hadi ikapasuka. Spea ilikuwa kipara, nayo ikapasuka kilomita mbili mbele. Tulikaa pale saa nne mpaka lori la mbuzi lilipomchukua mtoto. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini kwa saa hizo nne mama yake alikuwa akinitazama, nami sikuwa na la kumwambia.

Baba hakunikemea. Aliuliza tu, "Ulipima rimu?"

Sikuwa nimepima. Rimu ya Land Rover ile ina upana wa inchi 5.5. Tairi la 265/75R16 linataka rimu ya inchi 7 hadi 8. Likivikwa kwenye rimu nyembamba, kuta zake hubanwa ndani, katikati ya tairi hutuna, na ukikata kona limebeba mzigo huyumba juu ya rimu kama mtu aliyevaa kiatu kikubwa. Kwa hiyo ile inchi 16 ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Inakuambia kimo cha rimu, haikuambii upana wake.

Sasa tusome tairi pamoja. Land Rover ndefu na Land Cruiser nyingi za kazi zilikuja na 7.50R16. Tairi hilo ni jembamba na refu, kimo chake ni kama milimita 800 na kidogo. Wengi siku hizi hubadilisha kwenda 235/85R16. Fanya hesabu: 235 ni upana kwa milimita, na 85 ni asilimia ya upana huo inayokuwa urefu wa ukuta. Ukuta unatoka karibu milimita 200. Weka wa juu na wa chini, ongeza rimu ya milimita 406, unapata 806. Kimo ni kilekile cha zamani, kwa hiyo gia, breki na mshale wa spidi havisumbuki. Lakini hata hilo linataka rimu ya kuanzia inchi 6. Mwenye rimu za 5.5 abaki na 7.50, na asione haya. Kwenye matope ya Leroghi tairi jembamba hukata tope na kutafuta ardhi ngumu chini. Kwenye mchanga wa lagga, punguza hewa kiasi nalo litatandaza mguu. Ukishavuka, jaza tena kabla hujaongeza mwendo, maana tairi lenye hewa kidogo likienda kasi hupata joto na kuchanika ndani bila wewe kuona.

Vijana wanaopenda 285/75R16, nimewaona, na nimeona magari yenu yakikwaruza fenda. Kimo chake ni 834. Umeinuka sentimita moja na nusu tu chini ya ekseli, lakini injini ya zamani sasa inasukuma gurudumu kubwa zaidi kupanda mlima, na breki zilezile zinalazimika kulisimamisha. Mshale ukisema 80, wewe uko karibu 83.

Niseme kuhusu rimu zenyewe, maana hapa ndipo pesa za watu hupotea. Land Rover za zamani, Defender za awali, Range Rover ya kwanza na Discovery ya kwanza zote zina nati tano kwenye mduara wa milimita 165.1. Discovery ya pili ina nati tano pia, lakini mduara wake ni 120. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizotoka kuanzia 1999 nyingi zina nati tano kwenye mduara wa 150, na zile za kabla yake zina sita kwenye 139.7. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Hii ni ya nati tano, itaingia," mwombe rula. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalofuata. Ukipata milimita 97, ni ya Land Rover. Ukipata 88, ni ya Land Cruiser. Tofauti ni milimita 9, na kuna mafundi watakaokuambia wanaweza kupanua matundu kwa drili au kuyaziba kwa weldingi na kutoboa upya. Mafundi wangu mliopo hapa, mnanisamehe: rimu ya namna hiyo isibebe abiria. Nati haitakaa sawa, italegea, na gurudumu litaondoka kabla ya gari.

Tazama pia rimu imeingia ndani kiasi gani. Rimu inayotokeza nje huonekana vizuri kwenye harusi, lakini inavuta beringi na kufanya usukani kuwa mzito. Na kama rimu ni ya alumini, ulizia nati zake. Nyingi hazitumii nati za rimu ya chuma. Ukishafunga, nenda kilomita 80 au 100, kisha simama ukaze tena.

Mzigo sasa. Defender 110 iliruhusiwa kilo 1,850 kwenye ekseli ya nyuma. Gawa kwa mbili, kila tairi kilo 925. Ubavuni mwa tairi, baada ya ukubwa, kuna nambari ya uzito. 104 maana yake ni kilo 900, hilo halitoshi hata kabla hujampandisha mtu wa mwisho na gunia lake. 108 ni kilo 1,000, 112 ni 1,120, 116 ni 1,250, 120 ni 1,400. Ukiona 120/116, ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake, ya pili ni ya matairi mawili yaliyofungwa pamoja kama ya lori. Matairi mengi ya bei nafuu ya magari ya mjini yana maua makubwa yanayofanana na ya porini, lakini nambari zake ni za kupeleka watoto shule. Msiangalie maua. Soma nambari.

Halafu tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi lichunguzwe kila mwaka likishafika miaka mitano, na liondolewe likifika kumi hata kama lina maua. Jua letu haliheshimu tairi lililokaa juu ya paa kama spea kwa miaka minane. Likiwa na nyufa ndogo kwenye ukuta, hilo si spea, ni kiti cha kukalia ukingoja msaada. Ndani ya mifereji ya maua kuna vinundu vidogo vya mpira, viko milimita 1.6 kutoka chini. Maua yakilingana navyo, tairi limekwisha. Na anayekwenda Loiyangalani, ambako mawe ya volkeno hukata ubavu, atazame ukuta wa tairi kuliko maua.

Kuna anayeuliza kama anaweza kununua mawili tu. Hali naijua. Nunua mawili, lakini yawe ya kimo sawa na yale yanayobaki. Land Rover za zamani na Land Cruiser za kazi, ukiingiza foo-wili, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja. Tairi moja likiwa refu kuliko jingine, giaboksi na difu hupigana zenyewe. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kila tairi, linganisha.

La mwisho ni la hatari zaidi. Land Cruiser nyingi hapa zina rimu yenye ringi ya chuma ya kufungia, na ndani zina tyubu na flepu. Ringi ile isipokaa sawa, ukijaza hewa huruka kwa nguvu ya kuua mtu. Toa hewa yote kabla ya kulegeza chochote, na unapojaza, funga gurudumu kwa mnyororo na usimame kando, kamwe usisimame mbele yake. Makanga wadogo wasiachiwe kazi hii.

Mzee aliyeegesha Land Rover ya kijani chini ya ule mgunga amekubali tuanze na gari lake. Twendeni, mwenye rula aje nayo.