Je, Nilikuwapo?



Si muda mrefu uliopita tulikwenda kumzika mama mmoja mzee katika kijiji cha mlimani. Watoto wake wanne walikuwapo kaburini. Wa tano, binti yake wa kwanza, ni muuguzi nchini Uingereza, naye hakupata ruhusa kazini. Kwa hiyo mjukuu mmoja wa marehemu alisimama juu ya kiti, ameinua simu ya mkononi, akimwonyesha shangazi yake mazishi moja kwa moja. Binti yule aliona jeneza likitolewa nyumbani, akasikia nyimbo, akasikia wasifu wa mama yake ukisomwa. Jeneza lilipoanza kuteremshwa, picha ikaganda. Sauti ikakatika-katika, kisha ikanyamaza. Iliporudi, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa, na watu walikuwa wakiweka mashada ya maua.

Jioni ile tulisikia maneno pale nyumbani. Mmoja wa nduguze alisema, "Dada yetu amemzika mama kwa simu." Maneno hayo yalimfikia. Baada ya siku chache alituuliza, "Baba, niambie kweli. Je, nilikuwapo, au sikuwapo?"

Wapendwa, swali hili si la huyu dada peke yake. Ni la wengi wetu ambao wapendwa wetu wako mbali. Tulitafakari pamoja.

Kwanza, tuelewe kilichotokea pale kaburini. Kamera ya simu hupiga picha nyingi zinazofuatana, mara nyingi 25 au 30 kwa kila sekunde. Sauti nayo hupimwa maelfu ya mara katika sekunde hiyo hiyo. Kama vyote vingetumwa jinsi vilivyo, njia isingeweza kuvibeba. Kwa hiyo programu ya simu huubana mzigo: hutuma picha moja kamili, na kwa picha zinazofuata hutuma hasa yale yaliyobadilika. Mgomba uliotulia hauna haja ya kutumwa tena na tena. Mkono unaopunga ndio unaotumwa. Kisha mzigo hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Katika kanuni iliyotangazwa mwaka 1996, na ambayo hata leo inabeba mazungumzo mengi ya sauti na picha, kila pakiti hupewa namba ya mfuatano na alama ya wakati wake, ili zikifika shaghalabaghala ziweze kupangwa upya.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Tukituma barua kwa njia ya kompyuta, kipande kikipotea njiani huombwa tena mpaka kifike, hata kikichelewa. Lakini katika mazungumzo ya papo kwa papo, pakiti iliyochelewa mno hutupwa. Haikuharibika, wakati wake umepita, na kuingojea kungezuia yote yanayofuata. Ndiyo maana chombo kinachopokea huweka akiba ndogo. Hakionyeshi kitu mara kinapokipata, bali hungoja kidogo, ili pakiti zilizochelewa ziwahi nafasi zake. Akiba hiyo ikiisha, picha huganda. Na njia ikiwa nyembamba mno, programu nyingi hupunguza kwanza ubora wa picha, ili sauti ipate kupita.

Vyombo hivi vilianza na haja ndogo sana. Mwaka 1991 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge walielekeza kamera kwenye birika la kahawa, ili waliokuwa vyumba vya mbali wajue kama kahawa ipo kabla ya kutembea bure. Mwaka 1993 picha za birika hilo ziliwekwa kwenye intaneti, na watu wa dunia nzima waliweza kulitazama mpaka kamera ilipozimwa mwaka 2001. Kwetu Afrika Mashariki, mikongo mikubwa ya baharini ilifika pwani ya Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea sana setilaiti zilizo kilometa zipatazo 36,000 juu ya dunia, na kila neno lilichukua kama robo ya sekunde kupanda na kushuka. Hata mikongo nayo ina udhaifu wake: mwezi Mei 2024 mikongo miwili ilipokatika baharini, wengi katika nchi zetu walikosa mawasiliano. Chombo chochote cha binadamu kina mahali pake pa kukatikia.

Basi, tulimjibu nini dada yetu?

Wahenga wetu walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli. Lakini Injili inatuonyesha pia akida Mrumi aliyemwomba Bwana aseme neno tu, bila kufika nyumbani kwake, na mtumishi wake akapona. Upendo una njia ya kufika mbali. Hata hivyo Bwana huyo huyo aliingia nyumbani kwa Yairo na kumshika binti yake mkono. Na huko Bethania alikwenda mpaka kaburini kwa Lazaro, akalia pamoja na waliolia. Kanisa nalo limeyashika yote mawili. Tangu tarehe 12 Februari 1931, Papa Pius wa 11 alipozindua Redio Vatikano iliyojengwa na Marconi, halikuogopa kutumia mawimbi. Lakini katika waraka wa mwaka 2002 juu ya intaneti, Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilieleza kwamba sakramenti hazitolewi kwa njia hiyo. Mkate haupiti katika waya. Wala mkono wa mama haupiti.

Kwa hiyo tulimwambia: "Binti yetu, macho yako yalikuwapo, na masikio yako, na machozi yako. Mikono yako haikuwapo. Usikubali kuambiwa kwamba hukushiriki kitu, wala usijiambie kwamba hukupungukiwa na kitu." Alilia sana, nasi tukamwacha alie.

Kisha akatusimulia jambo. Kila Jumapili jioni, kwa miaka mingi, alikuwa akimpigia mama yake simu. Macho ya mama yalipofifia, mama alimwambia, "Zima hiyo picha, mwanangu, niisikie sauti yako." Naye mama, akiwa hana haraka, alikuwa akinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Binti alidhani mtandao ni mbaya. Kumbe mama alikuwa akisikiliza mpaka mwisho.

Wapendwa wasikilizaji, nduguze walipotuuliza maoni yetu, ilitubidi kwanza tuungame. Siku ile ya mazishi, sisi wenyewe tuliangalia saa mara mbili, kwa kuwa tulikuwa na Misa nyingine parokiani. Karibu yetu walikuwapo watu waliosoma ujumbe katika simu zao wakati wasifu wa marehemu ukisomwa. Miili yetu ilisimama hatua tatu kutoka kaburini. Je, sisi tulikuwapo? Na yule kijana juu ya kiti, ambaye mkono wake ulitetemeka kwa uchovu lakini hakuushusha, si yeye aliyekuwapo kwa ajili ya wawili? Nduguze walinyamaza. Mmoja wao, yule yule aliyesema maneno makali, alimpigia dada yake jioni hiyo.

Mwaka uliofuata dada yetu alikuja. Nduguze walimpeleka kaburini wote wanne, wakampa jembe, akapalilia kwa mikono yake mwenyewe na kupanda maua. Wala hakuna aliyemkumbusha kwamba amechelewa.

Hapo ndipo mioyo ipaswapo kutofautiana na mashine. Mashine hutupa kilichochelewa. Sisi tunaweza kukipokea. Lakini tusilifanye jambo hilo kuwa kisingizio. Yako maneno yenye wakati wake: nisamehe, asante, nakupenda mama. Yakisemwa juu ya jeneza, aliyepaswa kuyasikia hayasikii tena kwa masikio haya.

Basi, Jumapili hii tufanye mambo mawili. Aliye na mzazi au ndugu aliye mbali, ampigie leo, amsikilize mpaka amalize, na asikate kabla yake. Na aliye na mzazi au mgonjwa aliye karibu, asimpigie, aende. Avuke ua, abishe hodi, aketi.

Mungu, ambaye kwake hakuna mbali wala kuchelewa, awape pumziko marehemu wetu wote, na awaunganishe wote waliotenganishwa na bahari na milima. Tunawatakia Jumapili njema.

Tumsifu Yesu Kristu.